Laki tisa mkononi, Malindi: vyumba vya kupangisha, bondi ya serikali au nyumba ya watalii?

BintiMuyeye
Assalam aleikum wana Malindi. Nina laki tisa, pesa ya duka la nguo na mzunguko wa chama. Mume wangu ni dereva wa kampuni, kila mwezi anakatwa ile asilimia 1.5 ya nyumba za serikali, na sisi wenyewe tunakaa kwa kupanga Muyeye. Mamangu ana ploti Barani, ameniambia nijenge vyumba viwili vya kujitegemea nyuma ya nyumba yake, nipangishe. Mdogo wangu aliye Nairobi ananiambia ninunue bondi nilale. Binamu yangu naye ataka tushirikiane kukodi nyumba Casuarina, tuitengeneze, tuiweke Airbnb. Nisaidieni, ila kwa hesabu ya hapa kwetu.

FundiMawe
Waaleikum salaam dada. Laki tisa kwa vyumba viwili inatosha kwa shida, tena kama maji na choo cha shimo viko tayari kwa mama. Usilinganishe na aliyejenga kabla ya 2023. Mwaka ule sheria ya fedha iliweka ushuru wa asilimia 17.5 kwa klinka, ile malighafi ya simiti, na vyuma ghafi vinavyotoka nje, na mwenye kuulipa mwisho ni wewe unayenunua simiti na vyuma dukani. Ukuta jenga kwa mawe ya matumbawe, hapo utaokoa. Vyuma usivibanie: upepo wa chumvi ukiingia kwenye zege jembamba, chuma kinaota kutu, kinavimba, na dari inapasuka juu ya kichwa cha mpangaji.

Mhasibu_Ngala
Tuweke hesabu mezani. Bondi ni kuikopesha serikali nayo ikulipe riba. Tuseme bondi ya zaidi ya miaka 10 inatoa asilimia 13. Laki tisa inazaa 117,000 kwa mwaka. Riba hiyo hukatwa kodi ya asilimia 10, zinabaki 105,300, unalipwa kila miezi sita. Bondi ya chini ya miaka 10 hukatwa 15. Bondi ya miundombinu, ile ya barabara na miradi kama hiyo, haikatwi. Laki tisa zako zinarudi nzima mwisho wa muda.

Vyumba viwili kwa 6,000 kila kimoja ni 144,000 kwa mwaka kama havikai wazi hata mwezi mmoja. Toa mwezi mmoja wa kila chumba, toa rangi, toa mfereji ulioharibika, unarudi karibu palepale kwenye bondi. Ushuru wa kodi ya nyumba, asilimia 7.5 tangu Januari 2024, haukuhusu kwa sababu unaanza kwa anayepata 288,000 kwa mwaka.

Ila mdogo wako asikupe picha ya zamani. Februari 2024 serikali ilitoa bondi ya miundombinu kwa asilimia 18.46. Wakati ule shilingi ilikuwa imebanwa na deni la dola lilikuwa linaiva. Benki Kuu ilianza kushusha riba yake Agosti 2024 kutoka 13, Juni 2025 ikawa 9.75. Aliyeingia 2024 anakula vizuri. Anayeingia sasa ale cha sasa.

BintiMuyeye
Na kama nikikopa kidogo nijazie ujenzi, si riba imeshuka?

Mhasibu_Ngala
Imeshuka kwa Benki Kuu kwanza, kwako baadaye, tena kidogo. Ndiyo maana tangu mwisho wa 2025 mikopo mipya ya riba inayobadilika inatakiwa ipangwe kwa kiwango cha soko la mabenki yanapokopeshana, kisha benki inaongeza juu yake sehemu yake, pamoja na hatari yako wewe mkopaji. Muulize afisa wa mkopo akuandikie sehemu hiyo ya pili peke yake. Ni haki yako kuiona.

Ustadh_Shella
Dada, wengi wetu hapa bondi hatuigusi kwa sababu ni riba, na hilo mdogo wako alijue. Si kwamba Mwislamu hana pa kuweka pesa. Benki za Kiislamu zimo nchini tangu 2008, na sukuk, yaani hati ya uwekezaji ya Kiislamu isiyo na riba, ya kwanza ya Kenya ilizinduliwa 2024 kwa ajili ya nyumba. Kodi ya chumba ni halali bila mjadala. Kwangu mimi hilo linatangulia hesabu.

KaskaziniUpepo
Nimefanya kazi na nyumba za watalii tangu ujana wangu, naomba mnisikie kwa hili la Casuarina. Msimu wetu ni Desemba mpaka Machi, Waitaliano wakikimbia baridi, na kidogo Julai na Agosti. Aprili mpaka Juni mvua inanyesha na nyumba zinafungwa. Mwenye nyumba mtakayemkodi atataka kodi yake miezi yote 12. Mashine ya kupoza hewa, mlinzi, mtu wa bustani, maji ya boza kisima kikiwa chumvi, haya yote hayajui msimu.

Kisha kuna uchaguzi mkuu wa 2027. Sisi tunakumbuka mwanzo wa 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, jinsi ndege zilivyorudi tupu. Tunakumbuka 2014 na maonyo ya safari, tunakumbuka 2020 na korona. Mahoteli makubwa yalifunga, vijana wa ufukweni wakarudi Ganda na Kakuyuni kulima. Uchaguzi wa 2022 ulipita kwa amani na naomba Mungu huu nao upite hivyo, lakini mgeni anayepanga likizo yake hangoji kuona. Kwa laki tisa ambayo ndiyo akiba yenu yote, nakusihi usiingie mwaka huu wala ujao.

Mzee_wa_Mambrui
Mwanangu, wote wamesema kweli, lakini hakuna aliyekuuliza swali la kwanza. Hiyo ploti ya Barani iko kwa jina la nani?

Mwambao huu una historia yake. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilimtaka kila mwenye ardhi aje na madai yake aandikishwe, na asiyekuja ardhi yake ikawa ya serikali ya kikoloni. Wengi hawakuja. Ndiyo maana mpaka leo utaona mtu amezaliwa shambani, minazi kapanda babu yake, na hati ina jina la mtu ambaye hajawahi kumuona. Na kuna wale wa nyumba bila ardhi: kuta zako, chini si kwako, unalipa kodi ya kiwanja kila mwezi.

Kama ploti ni ya mama mwenyewe, kwa jina lake, vizuri. Kama ni ya marehemu baba na mirathi haijagawanywa, basi vyumba vyako utavijenga juu ya fungu la ndugu zako wote. Leo mnapendana. Siku mama akiondoka, Mungu amzidishie umri, kaka yako atasema vyumba ni vya urithi, nawe huna karatasi. Nimekaa kwenye baraza za familia nyingi nikisuluhisha hayo, na mara nyingi aliyejenga ni binti. Anaambiwa ameolewa, aende kwao kwa mumewe.

BintiMuyeye
Baba, hati ni ya marehemu mzee wetu. Tuko ndugu watano. Hatujakwenda kwa kadhi.

Mzee_wa_Mambrui
Basi anzeni hapo. Mahakama ya kadhi iko hapa hapa mjini. Nendeni nyote watano na mama, na cheti cha kifo, na barua ya chifu. Mama ana fungu lake, thumni, yaani moja ya nane, nanyi mna yenu, binti nusu ya kaka yake. Fungu lako likijulikana, liwekewe mipaka na mpima, upate hati yako. Ni gharama, ndiyo, lakini itoe kwenye hizo laki tisa bila kusita.

FundiMawe
Nakubaliana na mzee. Nimewahi kusimamishwa kazi linta zikiwa zimeshafungwa, ndugu wakaja na barua ya wakili.

Mhasibu_Ngala
Na bila hati kwa jina lako hakuna benki itakayochukua vyumba hivyo kama dhamana. Kuhusu makato ya mumeo: hayampi nyumba yenyewe. Ajiandikishe Boma Yangu, ule mtandao wa serikali wa kuomba nyumba hizo, aanze kuweka amana huko. Makato na amana ni vitu viwili.

BintiMuyeye
Nimempigia kaka mkubwa. Amesema niache uchoyo. Mama amesema tukutane Ijumaa baada ya swala.

Mzee_wa_Mambrui
Usimjibu kwa hasira. Mwambie unataka fungu lake yeye pia liandikwe. Na pesa isitoke benki kabla karatasi haijatoka.