Tupeane uzoefu: Bibi amekwenda, kwako amebaki wapi?

Wadau, mwaka huu nimemzika bibi, na rambirambi nilizopokea zote zimefanana: alikuwa mpole, mcheshi, mwenye upendo. Ni kweli, lakini kila bibi huwa hivyo akishazikwa. Mimi nataka vile vitu vidogo ambavyo hakuna anayevisoma kwenye wasifu wa marehemu.

Naanza. Bibi yangu alikuwa anaongea na vitu. Mlango ukigoma kufunguka: "Na wewe leo umeamka vibaya?" Sindano ikidondoka anaitafuta huku anaibembeleza. Juzi funguo zimenipotea, nikajisikia nasema kwa sauti, "Haya tokeni, mmeshinda." Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Ni maneno ya bibi yale, na sauti imevutwa mwishoni vilevile alivyokuwa anaivuta. Wala sikukaa nikaamua kuyarithi.

Sharti ni moja: usituambie alikuwaje, tuambie alifanya nini.

Mkaidi
Poleni nyote. Wangu hakuwa mpole na sitamsingizia. Ukikaa umejikunja anakuuliza, "Mgongo huo umeuazima?" Msibani wasemaji walipoanza kumsifia upole, sisi wajukuu tuliinamisha vichwa, watu wakadhani tunalia. Mpaka leo nikiwa kwenye kompyuta najinyoosha ghafla kama kuna mtu amepita nyuma yangu. Halafu mtu mkali ana faida yake: akikusifu, unaamini. Aliwahi kusema mwandiko wangu unasomeka. Naandika kwa mkono hadi leo.

Mtunza sauti
Bibi hakupenda kuandika ujumbe, alikuwa anarekodi sauti. Karibu zote zinaanza hivi: "Imewaka? Hii imewaka?" Kisha anahema, anamgombeza mtu aliyeko chumbani, ndipo anasema neno lake la sekunde chache na kukata katikati. Zamani nilikuwa naruka mwanzo. Sasa mwanzo ndio ninaousikiliza.

Kama unazo za kwako, usiziache ndani ya programu ya ujumbe. Zitoe, uwe na nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Faili lipe jina linaloeleweka: nani anaongea, mwaka gani. Picha za karatasi nazo zinafifishwa na mwanga, kwa hiyo ya ukutani iwe nakala na ya asili ikae gizani, pakavu. Nyuma andika kwa penseli laini majina ya waliomo, na uyaulize leo, wakati bado yupo anayewatambua. Ukichelewa unabaki na picha nzuri ya wageni.

Kitindamimba
Sisi namba yake ilibaki kwenye kundi la familia. Nani angethubutu kumtoa? Asubuhi moja tukakuta maandishi: "Bibi ameondoka." Akaunti isiyotumika muda mrefu hufutwa yenyewe, lakini wakati huo hakuna aliyekuwa na akili ya kufikiria hilo. Kundi likawa kimya. Mwisho mjomba akaandika, "Safari hii angalau ameaga." Maana alifariki ghafla, usingizini. Nilicheka huku machozi yananitoka, na mimi ndiye niliyekuwa sijalia tangu mazishi.

Mwanabaiolojia
Hili nililisoma chuoni likapita tu, likanirudia bibi mzaa mama alipofariki. Mtoto wa kike huanza kuwa na mayai akiwa bado tumboni. Kufikia wiki ya 20 hivi ya mimba anakuwa na kama milioni 6 au 7, na mengi hupotea kabla hajazaliwa. Kwa maana hiyo, wakati bibi ana mimba ya mama yangu, yai lililokuja kuwa mimi lilikuwa tayari limo humo. Nimewahi kukaa kwa bibi kabla mama hajazaliwa! Nilimweleza mama, akanyamaza, kisha akaniambia nimpigie mama mdogo nimweleze na yeye.

Mkaidi
Na sisi tunaomlilia mzaa baba?

Mwanabaiolojia
Huko hatukukaa, mbegu za kiume huanza kutengenezwa wakati wa balehe. Ila kama wewe ni mwanamke, kromosomu X (kifurushi kimoja cha vinasaba) uliyopewa na baba ni ile aliyopewa na mama yake, karibu kama ilivyo. Labda na ukali umo humo, sina ushahidi.

Mjukuu wa pili
Wangu alitusahau kabla hajafa. Alikuwa na Alzheimer. Majina yalitoka moja moja, mimi nikaishia kuitwa kwa jina la dada yake aliyetangulia zamani. Nikawa naitika. Nyimbo lakini hazikutoka: ukianza ubeti, anaumalizia, na ukikosea anakukunjia uso. Alipofariki watu waliniambia amepumzika, nami nikakubali kwa macho makavu. Kilio kilikuja miezi baadaye, nimesimama kwenye foleni, mtu mbele yangu anaimba chini chini. Kwa hiyo mtu akikuletea zile hatua tano za huzuni, kuanzia kukataa kuamini hadi kukubali, uzifuate kwa mpangilio, msamehe. Daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross alipoziandika mwaka 1969 alikuwa anazungumzia wagonjwa waliojua wanakufa, si sisi tuliobaki.

Mama wa wawili
Naomba msaada. Mwanangu wa miaka minne anauliza kila siku bibi atarudi lini. Ndugu wanamwambia amesafiri.

Mtunza sauti
Mwambie amekufa, kwa neno hilohilo. Ukisema amesafiri atamsubiri, na ukisema amelala ataogopa kulala. Mweleze kwamba mwili wake umeacha kufanya kazi: hapumui, hasikii, haumwi tena. Na atauliza tena kesho, usichoke kumjibu vilevile.

Mama wa wawili
Nimefanya hivyo jioni hii. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kweli haumwi popote, hata goti. Nikamwambia hata goti. Akauliza, "Basi kiti chake nikikalie mimi?" Sasa amekikalia, na kaka yake anayekitaka anaambiwa aanze kwa kubisha hodi, kama bibi alivyokuwa anamwambia.