Naombeni ushauri: kuvua trauti wa kahawia kwa nzi bandia, mto Bitterroot mwezi wa nne, nianzie wapi?

Mwana_Kasulu:
Habari zenu wakuu. Mimi niko Missoula, Montana, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu, kwa hiyo kuvua naijua toka mtoto, ila ni ile ya mshipi na nyungunyungu, unafunga kijiwe unatupa unakaa zako kivulini unasubiri. Sasa hapa kazini kuna wazee wawili wazungu ikishafika mwezi wa tatu hawana stori nyingine, ni mto Bitterroot na trauti wa kahawia tu, na wamenialika niende nao wikiendi moja ya mwezi wa nne. Wao wanavua na nzi bandia, kidude cha manyoya na uzi kimefungwa kwenye ndoano, ukikishika mkononi hakina uzito kabisa, na mimi sielewi kitu kisicho na uzito unakirushaje kifike mbali. Mmoja ataniazima rodi (ile fimbo) na rili (kigurudumu cha kukunjia uzi), mengine nijitafutie.

Sasa ninunue nini kwanza maana hela ya kuchezea sina, flai (hao nzi bandia) gani niwe nazo, huyu samaki anakaa sehemu gani ya mto kipindi hiki baridi inapoisha, na laiseni inakuwaje. Halafu kingine, wanasema wakimshika wanamwachia. Niliuliza tena nikidhani kiingereza changu ndio kimenidanganya. Mtu unaamka, unaganda na baridi, unapata samaki, unamrudisha?? Mama watoto ananiuliza naenda kufanya nini huko na jibu sina.

BabaTatu:
Unamwachia halafu unampa na pole ya usumbufu 😂😂 hii dunia bwana

Laini_Nyepesi:
Karibu sana mkuu, mimi niko Hamilton, huo mto unapita karibu na kwangu. Nianze na hilo la uzito maana ukishalielewa mengine yanakuja yenyewe. Kwenye mshipi wako wa Kasulu jiwe ndio linavuta uzi. Huku ni kinyume, laini yenyewe ndio nzito, ile nene ya rangi, na flai inafuata tu nyuma. Ndio maana unaona wanarusha nyuma kwanza halafu mbele, wanasubiri laini inyooke nyuma ndio waipeleke mbele. Wengi wanaoanza hawaisubiri, wanatumia nguvu, laini inawaangukia kichwani. Nenda pakini, funga kipande cha uzi wa sufu badala ya ndoano, rusha kwenye majani kila jioni kabla ya hiyo wikiendi.

Rodi ya futi 9 namba 5 inatosha kila kitu hapa, wazee nina uhakika ndio hiyo watakupa. Wewe nunua lida ya futi 9, yaani uzi mwembamba unaounganisha laini na flai, tipeti ya 4X, kile kipande chembamba cha mwisho, kikopo cha mafuta ya kuifanya flai ielee, na flai chache. Basi. Usiingie dukani na kadi ya benki ukamwambia muuzaji wewe ni mgeni, utatoka na koti la mifuko kumi na tano.

Flai sasa. Mwezi wa nne Bitterroot maana yake ni skwala. Ni mdudu wa mawe, rangi ya zeituni chini ya tumbo, wanaanza katikati ya mwezi wa tatu wanaenda mpaka mwisho wa wa nne. Kiluwiluwi chake hakipandi juu ya maji kama wadudu wengine, kinatambaa chini mpaka ukingoni, kinapanda kwenye jiwe au gogo ndio kinajivua ngozi. Dume mabawa yake mafupi hata kuruka haruki. Jike ndio anarudi mtoni mchana kutaga mayai, anaelea taratibu na mkondo, na trauti anamsubiri hapo hapo. Kwa hiyo samaki wanakuwa pembeni, usirushe katikati ya mto kama unataka kuvuka. Tafuta maji ya mwendo wa mtu anayetembea, yenye kina cha goti mpaka kiuno, karibu na gogo au kingo iliyoliwa. Chukua flai ya skwala, ndoano namba 8 au 10, inayoelea imelala usawa wa maji, yale madude yaliyosimama juu kama meli waachie watalii.

Muda mzuri saa saba mchana mpaka saa kumi na moja hivi.

Kapteni_wa_Chini:
Mkuu Laini uko sawa ila umempa nusu ya siku tu. Wazee wakimpitia asubuhi je? Asubuhi maji bado ya baridi kali, trauti yuko chini kwenye shimo hataki hata kufungua mdomo, mwambie aanze na nimfu, flai ya kuzama inayoiga kiluwiluwi. Nimfu wa skwala mweusimweusi, na nyingine ndogo nyuma yake, kiboya juu, aziache zigonge mawe chini. Hizo flai kavu, za kuelea, ni nzuri kwa picha ila anayekula kweli anakula chini.

Laini_Nyepesi:
Sijakataa nimfu. Ila huyu ni mara yake ya kwanza, ukimpa ndoano mbili na kiboya na upepo wa Montana siku nzima atakuwa anafumua mafundo. Alale mpaka saa tano, wazee wakavue nimfu zao.

Kapteni_wa_Chini:
Haya, kwenye upepo umenishinda 😅

Mama_Baraka:
Kaka, miye nilitoka Baraka ya Kongo, kule baba alikuwa navua ndagaa usiku na karabai ku ziwa, maji ya Tanganyika unaingia tu hauna shida. Huku hapana. Ile maji ya mwezi wa ine ni teluji yenye imeyeyuka, ukianguka dakika kidogo tu mikono haifanye tena kazi. Usiende na jinzi, jinzi ikishalowa njo basi. Vaa sufu ndani, weda juu, ile suruali ndefu yenye haipitishe maji, na ule mukanda wa weda ufunge nguvu, ukianguka maji isiingie ndani yote. Shika na fimbo ya kutembelea, mawe ya kule inateleza mubaya sana. Bwana yangu naenda kila mwaka, miye nabakiaka ku gari na chai.

Mwana_Kasulu:
Asanteni sana, kumbe kuna watu wengi hivi wanavua huku. Mama Baraka nimekuelewa, weda nitaangalia za mtumba. Mkuu Laini, flai ikishatua majini nafanya nini, naivuta? Na swali lingine, naomba mnijibu kwa ukweli. Huo mto unapita kwenye mashamba ya watu, nyumba kubwa kubwa zile. Mimi mweusi nimesimama nyuma ya uwanja wa mtu na fimbo ndefu, sitaitiwa polisi?

Sheria_Ndogondogo:
Hapo nakujibu mimi. Montana wana sheria ya mwaka 1985, ukishaingia mtoni kihalali, yaani kwenye sehemu ya umma au darajani, una haki ya kutembea na kuvua ndani ya mstari wa maji ya juu, yaani alama ambayo maji huacha ukingoni yakipanda kawaida, hata kama kulia na kushoto ni shamba la bilionea. Usichoruhusiwa ni kukatiza shamba lake kwenda mtoni. Ingia pale Bell Crossing au Woodside, ni sehemu za serikali zina maegesho na kibao. Ila sheria ni moja na watu ni wengine, siku za kwanza tembea na hao wazee wako, na laiseni iwe kwenye simu na karatasi pia.

Laiseni: kama umekaa Montana siku 180 mfululizo unahesabika mkazi, bei inashuka sana. Mwaka wao wa laiseni unaanza tarehe 1 mwezi wa tatu, ya mwaka jana haikusaidii. Utauziwa ya uhifadhi, ya kuvua, na ile pasi ya viumbe vamizi vya majini, zote zinahitajika. Chukua na kijitabu cha kanuni, kila kipande cha mto kina masharti yake, kuna sehemu ni kuachia tu.

Na kuna samaki anaitwa bull trauti, huyo analindwa, hutakiwi hata kumlenga. Angalia pezi la mgongoni, kama halina doa jeusi hata moja mwachie hapo hapo bila kumtoa majini. Wa kahawia ana madoa meusi mpaka kwenye pezi na mekundu ubavuni.

Laini_Nyepesi:
Usiivute. Iache ielee yenyewe. Tatizo ni kwamba katikati ya mto maji yanakimbia kuliko pembeni, kwa hiyo laini inatangulia inapinda, inaanza kuiburuta flai, na samaki akiona mdudu anaburutwa anajua kuna mtu. Flai ikitua tu, inua ncha ya rodi uirushe laini irudi upande maji yanakotoka. Hicho kitendo kimoja ndio kinamtofautisha anayevua na anayelowesha uzi. Akija kula usishtuke ukampokonya, mwache afunge mdomo ndio uinue.

Njoroge_wa_Gura:
Nawasoma kutoka Nyeri. Hiyo samaki tuko nayo hapa, mlowezi Ewart Grogan ndiye alileta mayai kutoka Loch Leven, Scotland, 1905 wakaweka mto Gura kule Aberdare. Huko Marekani ya kwanza ilitoka Ujerumani ikaachiliwa Michigan 1884, halafu wakaongeza ya Loch Leven, kwa hivyo ndugu yangu unaweza kuwa unavua binamu ya samaki yetu. Hapo kwa kuachilia, usicheke sana. Gura ni mto mdogo, kila mtu akienda na kiroba wiki mbili imeisha. Bana ile ncha ya nyuma ya ndoano na koleo, lowesha mikono kabla umshike maana ule utelezi wake ndio ngozi yake, na usikae naye juu ukipiga selfi tano.

Kapteni_wa_Chini:
Kuongezea, wa kahawia huzaa vuli, kwa hiyo saa hizi ni njaa tu. Ila wale wa upinde wa mvua na kattroti, trauti wengine wa hapa, huzaa majira ya kuchipua. Ukiona sehemu changarawe imesafishwa inang'aa kwenye maji mafupi, hayo ni mayai, zunguka. Na uende kabla ya mwisho wa mwezi, theluji ya milimani ikianza kuyeyuka mto unakuwa rangi ya chai ya maziwa, na hapo mpaka kiangazi. Cheki geji ya Darby, kipimo cha maji ya mto, kwenye tovuti ya USGS (idara ya jiolojia ya Marekani) kabla hujawasha gari.

Mama_Baraka:
Na kupe kaka! Mukirudia uvue nguo zote uangalie. Ile ugonjwa ya madoadoa ya kupe waliisomea hapa hapa Bitterroot, mutafiti Ricketts alionesha 1906 kama ni kupe njo inaileta, na maabara iko Hamilton mupaka leo.

BabaTatu:
Baridi, kupe, polisi, na samaki unamrudisha. Mkuu hao wazee unawadai kitu?

Mwana_Kasulu:
😂😂 Nakwenda hivyo hivyo. Sufu ya mazoezi nimeshaifunga, majirani wananiangalia dirishani. Kapteni, hao nimfu weusi wanauzwa dukani au nijifunze kufunga mwenyewe?

Kapteni_wa_Chini:
Nunua wanne tu. Wawili utawaacha kwenye magogo siku ya kwanza.