Mpwa wangu wa miaka 14 anatakiwa na chuo kikuu cha Marekani: kauli ya mdomo inamfunga nani?

Mjomba wa Chumbageni ameuliza:

Assalaam aleikum ndugu zangu wa Tanga na wa kwingineko. Nina jambo la kifamilia ambalo limetushinda kulimaliza sebuleni, nami nimeona nililete hapa kwa kuwa najua humu wamo waliowahi kuishi ng'ambo na wamo waliolea watoto wanamichezo.

Dada yangu anaishi jimbo la Minnesota, Marekani, huu ukiwa mwaka wa kumi na saba. Binti yake aliyezaliwa huko ana umri wa miaka 14 na yuko darasa la tisa, ambalo kwa hesabu yetu ni sawa na kidato cha pili. Anacheza mpira wa magongo wa barafuni, mchezo ambao sisi tuliokulia kwenye joto la mwambao tumeuona kwenye simu tu: wachezaji sita kila upande, golikipa akiwemo, viatu vyenye bapa la chuma chini, na badala ya mpira kipo kisahani cheusi kigumu kinachokwenda kasi kuliko macho ya mtu wa umri wangu. Baba yetu, ambaye ana miaka 81, humtazama mjukuu wake kwa video na kila mara huuliza kama mtoto hasikii baridi.

Mwezi uliopita kocha wa klabu yake alimwambia dada kwamba chuo kikuu kimoja kinamtaka binti huyo, kwamba nafasi ni chache, na kwamba ingefaa familia ijiandae kutoa neno mapema kabla wengine hawajazichukua. Hakuna barua wala karatasi yoyote. Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika. Dada anasema kwamba huko ahadi ya namna hiyo haimfungi mtu, watoto huitoa na kuibadilisha, na hakuna anayeshangaa. Mzee anasema yeye hajui habari za barafu lakini habari za kauli anazijua: mjukuu wake akishamwambia mtu mzima "ndiyo", amekwisha kusema, na akija kugeuka baada ya miaka miwili jina litakaloharibika si la mtoto peke yake.

Jumapili natakiwa nizungumze nao kwa simu, na kwa desturi yetu neno la mjomba lina uzito. Naomba kufahamishwa mambo mawili. Ahadi hiyo inamfunga nani hasa? Na je, ni kweli kwamba asiposema sasa nafasi itampita?

Bi. Raskazone amejibu:

Waalaikumu salaam, kaka. Niliishi Duluth, katika jimbo hilo hilo, kwa miaka kumi na moja, na binti yangu wa pili alicheza mchezo huo hadi alipomaliza sekondari. Duluth ni mji ambao timu ya wanawake ya chuo kikuu chake ilichukua ubingwa wa kwanza wa mchezo huo wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu, mwaka 2001, kwa hiyo habari za usajili tulizisikia hata kwenye foleni ya mkate.

Nianze na kanuni, kwa sababu nahisi dada yako hakuelezwa yote. Zamani makocha wa vyuo walikuwa wakifuata wasichana wa darasa la nane na la tisa, na watoto walikuwa wakitangaza vyuo watakavyokwenda kabla hata hawajaanza kujifunza kemia. Mwaka 2019 chama hicho cha NCAA kilibadilisha kanuni. Sasa, kwa mchezo huu upande wa wasichana, kocha wa chuo cha daraja la kwanza, yaani daraja la juu la mashindano ya vyuo, haruhusiwi kuzungumza na mchezaji kuhusu usajili, iwe kwa simu, kwa ujumbe au ana kwa ana, kabla ya Juni 15 baada ya mtoto kumaliza darasa la kumi. Ziara za kutembelea chuo kwa ajili ya usajili huanza Agosti 1, kabla ya darasa la kumi na moja. Kabla ya hapo kocha anaweza kuja kumtazama uwanjani na kumtumia vipeperushi vya kambi za mazoezi, basi.

Mpwa wako yuko darasa la tisa. Maana yake ni kwamba kocha wa chuo hajazungumza naye na hataruhusiwa kuzungumza naye kwa zaidi ya mwaka mmoja ujao. Yale mliyoyapata ni maneno ya mtu wa tatu. Sisemi kwamba kocha wa klabu ni mwongo. Huenda kweli aliulizwa habari za mtoto pembeni ya uwanja. Lakini kuulizia si kutaka, na kutaka si kuahidi.

Kuhusu nani anafungwa: kisheria, hakuna. Ahadi ya mdomo haimfungi mtoto na haikifungi chuo. Kinachofunga ni mkataba wa ufadhili wa masomo. Kwa miaka mingi, tangu 1964, kulikuwa na barua maalumu ya kitaifa ambayo mchezaji alikuwa akiisaini pamoja na mkataba huo, lakini iliondolewa Oktoba 2024, na sasa umebaki mkataba wenyewe wa fedha, ambao kwa kawaida husainiwa kuanzia Novemba ya mwaka wa mwisho wa sekondari. Hesabu mwenyewe: hata mtoto akitoa neno siku ile ile ya kwanza inayoruhusiwa, atakaa miezi kumi na saba akiwa hana chochote mkononi. Katika miezi hiyo kocha anaweza kupata kazi kwingine, na kocha mpya hana deni la ahadi za mwenzake. Lilimpata mchezaji mwenza wa binti yangu: aliahidi, akawaambia walimu na jamaa, akaacha kujibu vyuo vingine kwa heshima ya neno lake, kisha kocha akaondoka na simu zikawa hazipokelewi. Alikuwa ameishika ahadi peke yake.

Kwa hiyo hofu ya Mzee ina msingi, isipokuwa ameielekeza upande mmoja. Watoto waliolelewa kama wetu ndio wanaolichukulia neno hilo kuwa deni. Upande wa pili wanalichukulia kuwa nia tu.

Mchungwa wa Muheza amejibu:

Habari za barafu sizijui, lakini habari za kununua kitu kabla hakijaiva tunazijua sana huku kwetu. Wapo wanunuzi wanaofika Muheza machungwa yakiwa bado maua. Anazunguka shamba, anakadiria, anataja bei. Bei hiyo ni ya chini kuliko utakayoipata msimu ukikolea, na ni haki iwe ya chini, kwa sababu mvua ikikosekana au nzi wa matunda wakivamia, hasara ni yake. Mkulima naye anapata fedha wakati ambao nyumbani hakuna kitu. Sijawahi kumlaumu anayeuza maua. Wakati mwingine ada ya shule haisubiri chungwa.

Lakini mnunuzi huyo anatoa arubuni. Akitokea mtu akaniambia nimwekee shamba, nisimwonyeshe mwingine, naye hajatoa hata shilingi, huyo hajanunua kitu. Akipata shamba zuri zaidi Amani au Korogwe, ataniacha na matunda yanaoza mtini, na hatapoteza lolote. Nikisoma maelezo ya Bi. Raskazone, naona makocha hao wanaomba kuwekewa shamba bila arubuni. Mjomba, ningeuliza hilo tu: wao wameweka nini?

Mwalimu wa Pangani amejibu:

Naheshimu michango iliyotangulia, lakini naomba nitofautiane kidogo, kwa sababu naona tunaelekea kumwogopesha mtoto asichukue nafasi ambayo wengine wanaililia.

Uchache wa nafasi si uongo. Timu za vyuo zinazowania ubingwa wa kitaifa wa wanawake katika mchezo huo ni takriban 45 tu katika nchi kubwa kama ile. Timu moja ina wachezaji wapatao 25, waliogawanyika katika miaka minne ya masomo, hivyo kila mwaka wanaingia kama sita. Zidisha: ni nafasi zisizofika mia tatu, ambazo zinagombewa na Wamarekani, Wakanada na wasichana kutoka Ulaya. Tena siku hizi wapo wanaohama. Tangu Oktoba 2018 kuna mfumo ambamo mchezaji anayetaka kuhama chuo huandikisha jina lake, na makocha wengine huona ni afadhali wamchukue mtu wa miaka 21 aliyekwisha kukomaa kuliko msichana anayetoka sekondari. Katika hali kama hiyo, mtoto anayependwa mapema asidharau kupendwa huko.

Fedha nazo zitazamwe kwa makini, kwa sababu "ufadhili" ni neno pana. Hadi mwaka 2025 timu ya daraja la kwanza iliruhusiwa kutoa ufadhili unaolingana na nafasi kamili 18, ambao kocha aliweza kuugawa vipande vipande kwa wachezaji wengi zaidi. Baada ya kesi kubwa iliyoamuliwa Juni 2025, vyuo vilivyojiunga na utaratibu mpya vinaweza kumfadhili kila mchezaji, lakini orodha ya timu isizidi 26. Kuweza, hata hivyo, si kutoa. Kisha kuna vyuo kama Harvard, Princeton, Yale na Cornell ambavyo havitoi kabisa ufadhili kwa sababu ya michezo. Vinatoa msaada kulingana na kipato cha familia, na mwenye uamuzi wa mwisho ni ofisi ya udahili, si kocha. Vyuo vya daraja la tatu navyo havitoi ufadhili wa michezo. Dada yako asikubali kujibu lolote kabla hajajua chuo hicho kiko kundi gani.

Na hapa nazungumza kama mwalimu. NCAA inamtaka mchezaji wa daraja la kwanza awe amefaulu masomo 16 ya msingi katika sekondari, na kumi kati ya hayo yawe yamekamilika kabla hajaanza mwaka wa mwisho. Masomo hayo yanahesabiwa kuanzia darasa la tisa, yaani yameanza kuhesabiwa sasa hivi. Nimefundisha netiboli miaka mingi na nimeona mabinti wenye vipaji wakisifiwa uwanjani huku daftari la hesabu likiwa jeupe. Kama mjomba una neno moja tu la kusema Jumapili, uliza alama zake za algebra.

Jambo dogo la mwisho: kama kocha huyo au mshauri mwingine anadai malipo yatakayotegemea mtoto kupata ufadhili, akataliwe papo hapo. Kanuni hazikubali malipo ya namna hiyo, na anayeweza kupoteza haki ya kucheza ni mtoto.

Mjomba wa Chumbageni amejibu:

Nawashukuru sana, na Mwalimu shikamoo, kwani nahisi umenizidi umri. Nimempigia dada jana usiku nikamsomea majibu yenu. Kuna jambo nililolisahau ambalo huenda likabadilisha ushauri: mpwa wangu ni golikipa. Kocha wa klabu anasema kwa magolikipa ndiyo lazima kuwahi, kwa sababu timu inahitaji wachache mno.

Bi. Raskazone amejibu:

Kweli, kaka, linabadilisha, ingawa si kwa namna anayoisema kocha. Timu kwa kawaida hubeba magolikipa watatu, na anayesimama langoni ni mmoja. Upo mwaka ambao chuo hakitafuti golikipa kabisa, hata aje bora kuliko wote. Kwa hiyo kwa golikipa swali kubwa ni mwaka gani nafasi itakuwa wazi, wala si nani anampenda.

Sasa tazama jambo hili. Tovuti ya kila timu huonyesha wachezaji wake na mwaka wa masomo wa kila mmoja, na wazazi wengi hukaa usiku kuhesabu magolikipa humo. Mimi pia nilihesabu. Lakini mpwa wako ataingia chuo baada ya karibu miaka minne, na golikipa aliye mwaka wa kwanza leo atakuwa amehitimu. Wale watakaogombea lango pamoja naye bado hawako kwenye orodha. Wako sekondari, darasa la kumi hadi la kumi na mbili, au wako chuo kingine na watahamia hapo. Kocha wa chuo mwenyewe hawezi kuwaona. Anayemwambia mtoto wa miaka 14 kwamba nafasi yake ipo au imekwisha anazungumzia lango ambalo bado halijulikani litakuwa na nani.

Ongeza na mwili. Binti yangu alirefuka kiasi cha kiganja kati ya miaka 14 na 16, tukanunua vifaa upya mara mbili, na namna yake yote ya kudaka ikabidi ifundishwe upya. Mwaka huo alikuwa golikipa wa pili. Mwaka uliofuata akawa wa kwanza.

Ushauri wangu: asifunge mlango, na asiahidi. Aendelee kucheza, ajaze fomu za maelezo ambazo vyuo vinazo, kisha Juni 15 ya mwaka ujao ikifika awasikilize wote watakaopiga simu, na kila mmoja aulizwe ana magolikipa wangapi, mkataba ni wa miaka mingapi, na fedha ni kiasi gani kwa maandishi. Kinachosumbua ni jibu la leo, kwa sababu kocha wa klabu anangoja, naye ni mtu mnayemhitaji.

Mjomba wa Chumbageni amejibu:

Nimemweleza Mzee yote hayo baada ya swala ya alasiri, nikamchorea na lango kwenye karatasi. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kilichomgusa, kwa kweli, si kanuni wala fedha. Ni habari ya yule mchezaji aliyeshika ahadi peke yake. Aliniuliza mara mbili kama baadaye alipata chuo. Bi. Raskazone, ukijua, naomba uniambie, kwa sababu ataniuliza tena.

Kisha akasema mjukuu wake asiseme "ndiyo" na asiseme "hapana". Aseme "tumesikia". Nimemtumia dada neno hilo, naye tangu asubuhi anahangaika kutafuta namna ya kulisema kwa Kiingereza bila kocha kudhani amekubaliwa. Simu ni Jumapili saa mbili usiku, kwao ikiwa saa tano asubuhi, baada ya mtoto kutoka mazoezini.