120,000mAh! Namba kubwa, betri ndogo: nimepigwa

Wadau, nina hasira na sina pa kuimwagia ila hapa.

Nina kibanda cha kunyoa hapa Busia, upande wa Uganda. Umeme ukikatika nilikuwa natumia betri ya asidi ya 12V 100Ah (ampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri) na inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Ilipokuwa mpya ilinivusha saa saba nzima. Ikazeeka. Mwezi uliopita nikaingia duka moja Kampala, kijana akanionyesha boksi la lithiamu lenye mpini, ubavuni limeandikwa 120,000mAh (miliampea-saa), maandishi makubwa kama bango la mgombea. Nikapiga hesabu palepale: 1,000mAh ni 1Ah, basi hii ni 120Ah, imeipita yangu. Kijana naye: "Ssebo (yaani bwana), hii inakesha!" Nikatoa 850,000.

Jumamosi umeme ukaondoka saa mbili asubuhi. Nikawasha mashine mbili za kunyolea, tivii, taa na spika, jumla kama wati 75. Saa saba mchana, pii, kimya. Kwenye kiti alikuwa bwana harusi, upande wa kushoto umeshanyolewa, wa kulia bado msitu. Nikammalizia kwa mkasi na wembe huku wapambe wake wamejaa mlangoni wanapiga picha. Hakunilipa, nami sikumdai.

Jioni nikaligeuza lile boksi. Chini kabisa, maandishi ya saizi ya sisimizi: 3.7V, 444Wh.

Wizi uko hapo. mAh haikwambii kitu mpaka ujue volti. Chukua Ah, zidisha kwa volti, unapata Wh, wati-saa, yaani umeme wenyewe uliomo. Betri yangu ya zamani: 100 × 12 = 1,200Wh. Boksi: 120 × 3.7 = 444Wh. Ukitaka kulipima kwa kipimo cha betri ya 12V, gawa 444 kwa 12. Ni 37Ah. Thelathini na saba, jamani! Toa kinachopotelea kwenye inveta, tuseme asilimia 15, zinabaki kama 377. Gawa kwa wati 75, saa tano. Boksi halikuharibika. Lilifanya kazi yake barabara, na ndicho kinachoniuma.

Tuseme kweli, ile ya asidi nayo haikamuliwi yote. Ukiitumia kupita nusu kila siku unaiua, kwa hiyo za kutumia zilikuwa 600Wh hivi. Na hiyo 100Ah kwa kawaida hupimwa kwa kuitoa polepole, ampea 5 kwa saa 20. Ukiivuta kwa nguvu inapungua. Bado inalishinda boksi langu.

Nimempigia kijana. "Si imeandikwa, ssebo?" Imeandikwa, ndiyo. Nikamuuliza ina Wh ngapi, akanijibu "wati 500 kwa saa." Banange! Mtu anauza betri hajui kwamba wati ni kasi ya kula, na Wh ndiyo iliyomo chunguni.

Pawabenki nazo zina ugonjwa huohuo. Ya 20,000mAh ni 74Wh. Ikitoa kwa 5V ni 14,800mAh, na hapo hujahesabu upotevu. Simu ya 5,000mAh, ambayo betri yake nayo ni ya volti 3.7 hivi, utaijaza mara tatu hivi, nne usahau. Mkaguzi wa mizigo pale Entebbe hababaishwi na mAh: kikomo cha kupanda nayo ndegeni bila kuomba ruhusa ni 100Wh. Sisi dukani ndio tunaokodolea macho masifuri.

Hela hairudi, wanasema "umeshalitumia." Kwa hiyo nauza. Linamfaa mwenye taa na redio tu, na nitaliandika 444Wh ubavuni kwa kalamu nene. Mwenye betri ya lithiamu ya 12.8V 100Ah anitumie picha. Ya nyuma, tafadhali, za mbele nimeziona za kutosha.