Fildi ya wiki nane inatosha? Watu wa Tanga tujadili

Mleta mada, Chumbageni:
Habari zenu wadau. Juzi barazani mzee mmoja alisema chuo kikuu cha jiji kifundishe nadharia, vitendo tuwaachie VETA, vyuo vya ufundi stadi. Mimi sikubali hata kidogo.

Nikiwa mwaka wa pili nilipelekwa fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, kwenye kiwanda cha mkonge kule Muheza, wiki nane. Karibu zote nilinakili namba za beli kwenye daftari. Siku mbili tu fundi alinisogeza kwenye korona, mashine ya kuchakata majani ya mkonge. Jani linaingia, linapondwa, singa, yaani nyuzi za mkonge, zinatoka nyeupe kama tui, na maji ya kijani yanayowasha ngozi yanamiminika mferejini. Nikamuuliza, haya yanakwenda wapi? Akajibu, "Yanakwenda." Singa hazifiki hata asilimia 5 ya uzito wa jani, kinachobaki chote ni taka! Na si kwamba haiwezekani kitu: pale Hale ulijengwa mtambo wa kugeuza taka hizo kuwa gesi na umeme. Niliyaandika yote hayo kwenye ripoti. Mwalimu akatoa alama, ripoti ikaingia kabatini, kiwanda hakikuiona.

Ubia wa chuo na kiwanda wa namna hiyo ni barua yenye mhuri tu. Nataka swali litoke kiwandani, lifanyiwe kazi chuoni, kisha mwanafunzi na mwalimu wake warudi nalo kwenye mashine, hata kwa mwaka mzima.

Mzazi, Makorora:
Mwanangu, mwaka mzima Muheza, chumba na nauli nani atalipa? Wenye mkopo wana hela ya fildi, binti yangu hana. Alikuwa anashindia chai na muhogo, na jioni anafagia ofisi za watu. Hapo kiwanda kimepata kibarua wa bure.

Fundi, Ngamiani:
Mimi nachomelea vyuma. Vijana wa chuo wananiletea mchoro, nawatengenezea mradi wao wa mwisho, wananilipa, wanaondoka nao. Hata grainda hawajaishika. Mbona hamuanzii kwetu? Na aliyefanya kazi aandikwe kwenye ripoti.

Mleta mada:
Shikamoo mama. La binti limeniuma. Nauli na chakula viandikwe kwenye mkataba wa chuo na kiwanda kabla mwanafunzi hajapanda gari, na kazi atakayofanya itajwe humo humo, asipewe ufagio. Kiwanda kisichotaka kisiletewe mwanafunzi.

Kaka fundi, hapo umenisahihisha. Niliwaza viwanda vikubwa tu, kumbe kijana angeanza kwako miezi mitatu angefika kwenye korona akijua anachokitazama. Mkonge uliletwa huku 1893, miche 62 tu ndiyo iliyopona safarini, na watu wakaulea mpaka ukajaza mashamba ya mkoa huu. Kituo cha utafiti wake kiko Mlingano, hapo hapo Muheza, mwendo mfupi kutoka mjini. Sioni sababu ya mwanafunzi wa Tanga kumaliza chuo bila kukanyaga pale.

Kuna aliyewahi kuona ripoti yake ya fildi ikitumika, hata kwa kubadilishwa bolti moja? Atuambie ilikuwaje.