Simu ya tathmini ilinipita, wamefunga faili langu. Na visa je?

Kutoka: Mama Nasra

Asalaam alaykum wana Tanga wote tulio huku Uingereza, na kwa wasio Waislamu habari zenu. Naomba msaada na naomba msinihukumu. Tangu mwaka jana sina raha, moyo unaenda mbio bila sababu, basi likijaa nashuka kabla ya kituo changu, usiku simu ikilia hata kama ni mesej ya mtandao mi najua tu Makorora kuna msiba na mikono inakufa ganzi. Kazini (keya, kutunza wazee, shifti za usiku) kuna siku nilijifungia kwenye stoo ya mashuka nikakaa chini nahesabu pumzi mpaka kengele ya bibi wa chumba cha mwisho ikaninyanyua. GP (daktari wa mtaa) akanipa propranolol, dawa ya kutuliza mapigo ya moyo, na akanambia nijaze mwenyewe kwenye mtandao ile fomu ya tiba ya maongezi. Nikajaza, GAD-7 na PHQ-9 zote (maswali ya kupima wasiwasi na sonona), nikaambiwa nitapigiwa kati ya saa 3 na saa 6 asubuhi. Wakapiga kwa namba iliyofichwa nipo namuogesha mzee, sasa mtu yupo kwenye maji nimuache nikashike simu? Wakapiga tena kesho yake nimetoka shifti nimelala. Wiki ileile barua, hukupatikana, tumefunga faili.

Nauliza mawili. Nikijaza upya naanzia mwisho wa foleni au wanafungua lilelile? Na hili la kuandikwa kwamba nina wasiwasi litanigusa kwenye kurenyuu visa mwakani na ILR (ukaazi wa kudumu) huko mbele? Meneja ndo anaetoa COS mpya (cheti cha udhamini wa kazi) na sitaki ajue.

Kutoka: Baba Twaha

> tumefunga faili

Pole sana dada yangu. Usiogope chochote, wewe umelipa IHS, ile ada ya afya ya visa, paundi 1,035 kila mwaka, hiyo ni haki yako sio msaada wa mtu.

Mimi yangu ilikua wakati kampuni imefilisika na COS imekufa, zile siku 60 za kutafuta mdhamini mwingine zinahesabika, silali, nakaa jikoni mpaka adhana inalia kwenye simu. Mke wangu ndo alienilazimisha nijaze ile fomu, nilimkasirikia kweli lakini namuombea dua mpaka leo. Wakanipa kwanza mtu wa hatua ya chini, anakupigia kwa wiki mara moja na kukutumia karatasi za kujaza. Kuna moja inaitwa saa ya wasiwasi. Unachagua muda mmoja wa siku, mimi niliweka saa 12 jioni baada ya kazi, mawazo yakija mchana unayaandika kwenye kidaftari halafu unaendelea na shughuli zako. Ikifika saa 12 unafungua unasoma moja moja, hili naweza kulifanyia kitu? Kama ndio unaandika utafanya nini na lini, kama hapana unalipigia mstari unahamia jingine. Kurasa za mwanzo zangu zote zilikua Home Office (wizara ya visa), Home Office, Home Office. Baadae nikaanza kuona na mambo mengine yaliyokua yamejificha humo chini, marehemu baba, na ile nyumba ya Duga tuliyoachiwa tunaigombania. Ndo nikapelekwa CBT yenyewe, tiba ya maongezi ya kubadili namna ya kufikiri na kutenda. Ilinisaidia sana, siwezi kusema uongo.

Kutoka: Rehema (nesi)

Baba Twaha nakuheshimu kaka yangu lakini usipotoshe watu. Mama Nasra yuko keya, kama visa yake ni ya Health and Care hajalipa IHS hata senti na wala hatakiwi kulipa, wamesamehewa. Hiyo 1,035 ni ya wengine, tangu Februari 2024, na wanafunzi ni 776. Watu wakisoma hapa wanaenda kuulizia marejesho ya hela ambazo hawajawahi kutoa.

La pili. Kuonana na GP huku ni bure kwa mtu yeyote bila kujali karatasi zake, na kinachoangaliwa kwenye maombi ya visa kuhusu NHS (huduma ya afya ya serikali) ni DENI, yaani bili ya hospitali ya paundi 500 kwenda juu ambayo hujalipa. Nimeeleza hili humu mara nyingi.

La tatu, kwa wasiojua. Hii huduma ya tiba ya maongezi zamani ilikua inaitwa IAPT, ilianza 2008, toka 2023 ni NHS Talking Therapies na ni England tu. Unajipeleka mwenyewe, huhitaji barua ya GP ila uwe umesajiliwa kwa GP. GAD-7 ni maswali 7, kila moja 0 mpaka 3, jumla 21, na wengi wakifika 10 wanachukuliwa kwamba wanahitaji msaada. Lengo lao ni watu 75 kwa kila 100 waanze tiba ndani ya wiki 6, na 95 ndani ya wiki 18. Kwa wasiwasi wa jumla mwongozo wa NICE (taasisi ya miongozo ya tiba) ni CBT vipindi 12 mpaka 15 vya saa moja. Ukijaza fomu kuna sehemu ya maelezo ya ziada, andika pale kwamba unafanya kazi usiku, wapige baada ya saa 9 alasiri na watume SMS kwanza. Na hali ikichacha usisubiri foleni, piga 111 chagua 2, na kama maisha yapo hatarini 999.

Kutoka: Shangazi Mwanaisha

Rehema unaongea hesabu tu mwanangu, wengine tatizo letu ni lugha. Kiingereza changu ni cha dukani na cha kwenye kituo cha basi, sasa nitamueleza vipi mtu habari za ndani ya roho? Niliomba mkalimani, siku imefika simu imeunganishwa nasikia sauti NAIJUA, ni mtu tunakaa nae meza moja kwenye harusi. Kabla sijasema kitu anasalimia kwa adabu kabisa, na mimi nikasema nipo sawa sina tatizo lolote nashukuru. Daktari akaandika nipo sawa. Toka siku hiyo sijaenda tena. Jamii yetu huku ni ndogo mno jamani, ukikohoa Reading wanakupa pole Milton Keynes.

Kutoka: Rehema (nesi)

Shangazi shikamoo, na pole sana, hilo limeniuma. Lakini una haki ya kumkataa mkalimani na kutaka mwingine, na huyo mwingine ni bure vilevile. Sema mapema unataka wa simu, wa mji mwingine, mwanamke, na wasimtaje jina lako mwanzoni. Mkalimani amefungwa na siri kama daktari alivyofungwa. Na tafadhali wote humu msiwatumie watoto wenu kutafsiri, nimeshaona binti wa sekondari anamtafsiria mama yake habari za kutaka kujiua, mtoto ametoka pale macho yamebadilika.

Kutoka: Abuu Khalid

Ndugu zangu tumesahau tulikotoka. Mama Nasra mwanangu, huo ni wasiwasi wa shetani, soma Ayatul Kursiy asubuhi na jioni, tafuta mtu akusomee kisomo, kunywa kombe. Sisi Tanga tumelelewa hivyo na tumepona hivyo. Haya ya kumueleza mgeni siri zako kwa saa moja ni ya wenzetu.

Kutoka: Mbwana wa Pangani

Abuu Khalid hakuna aliekataa kisomo hapa. Mimi nasomewa na namuona mtaalamu, yote mawili, na imamu wetu huku ndo aliyeniambia nenda kwa GP. Tatizo ni watu kumwambia mgonjwa aache dawa, mdogo wangu aliacha sertraline (dawa ya sonona na wasiwasi) ghafla katikati ya Ramadhani kwa sababu aliambiwa imani imepungua, alichokiona Mungu ndo anajua. Dawa ya mara moja kwa siku unameza baada ya futari, kuna ugumu gani hapo?

Swali langu mimi ni dereva, kuna mtu kaniambia ukiandikiwa wasiwasi lazima DVLA (mamlaka ya leseni za udereva) wakunyang'anye leseni, ni kweli?

Kutoka: Baba Twaha

Mbwana sio kweli. Unawaambia DVLA kama hali inaathiri uendeshaji wako wa salama, muulize daktari wako yako ipo kundi gani. Mimi naendesha mpaka leo.

Na Rehema, nimekuelewa kuhusu IHS lakini lugha, dada.

Kutoka: Bi Zainabu (Chumbageni)

Mimi nilirudi nyumbani nasoma tu huwa siandiki, leo imebidi. Watoto wetu mjue kwa nini watu wazima wanaogopa. Sisi tukikua, mtu akitajwa Lutindi mtaani basi ameisha, hata posa haiji kwenye hiyo nyumba. Na Lutindi yenyewe ni hospitali ya wagonjwa wa akili tangu enzi za Mjerumani, Walutheri, kule juu milimani Korogwe, wagonjwa wanalima wanafanya kazi za mikono wanatibiwa wanarudi kwao. Lakini jina lilikua tusi. Kwaiyo mama wa miaka 60 akimwambia binti yake asimwambie mtu, sio roho mbaya, anailinda nyumba yake kwa alichokiona yeye. Mama Nasra, mama yako namjua, hana shida, nimempita Mgandini ananunua dagaa, anapatana bei vizuri kabisa. Mpigie mchana wewe ndo umpigie, usingoje simu ya usiku. Pangeni siku, Jumapili baada ya adhuhuri, ajue na wewe ujue.

Kutoka: Mama Nasra

Bi Zainabu shikamoo, umeniliza. Ahsanteni wote. Lakini jamani faili, kuna aliyewahi kufungiwa akajaza upya? Na meneja anaweza kujua?

Kutoka: Shangazi Mwanaisha

Mgandini! Yaani nimenusa dagaa hapa nilipo kwenye baridi. Bi Zainabu Raskazone jioni bado watu wanakaa? Machungwa ya Muheza yameingia?

Kutoka: Mbwana wa Pangani

Hayo ya simu za usiku mi kwangu yalianza vibaya ile Oktoba 29 mwaka 2025, uchaguzi, intaneti imekatwa, simu haziingii, video zinakuja vipande vipande na mama yupo peke yake. Mpaka leo tiki moja ya kijivu ikikaa kwenye WhatsApp natetemeka. Mtaalamu wangu ilibidi nimueleze historia nzima ya nchi kabla hatujaanza tiba. Na bado tunaambiwa diaspora tupeleke hela tu, uraia pacha hatutakiwi, tunapewa hadhi maalumu

Kutoka: Msimamizi

Siasa tumekubaliana hapana. Mbwana pole kwa dhati kabisa, hilo la mama tunalielewa wote na kila mtu humu alikua na mtu wake, lakini mengine peleka kwenye lile kundi jingine.

Kutoka: Asha G.

Samahani naingia katikati, mimi nipo Glasgow, huku nimetafuta hiyo fomu ya kujipeleka mwenyewe siioni. Kuna dada mmoja wa mtandaoni anajiita tharapisti, Mswahili mwenzetu, anatoza kwa saa, nimlipe tu?

Kutoka: Rehema (nesi)

Asha nimesema juu England TU. Scotland anzia kwa GP wako, akueleze eneo lenu lina nini.

Na huyo dada taratibu kwanza. Uingereza yeyote anaweza kujiita tharapisti au mshauri, sheria haimzuii. Majina yanayolindwa ni kama "clinical psychologist", hao lazima wawe kwenye rejista ya HCPC. Wa CBT wengi wako kwenye chama cha BABCP, washauri cha BACP, na rejista zote zipo wazi mtandaoni unatafuta kwa jina. Mswahili mwenzetu mzuri ni dhahabu, namtamani hata mimi, lakini muombe namba yake ya rejista kabla hujatuma hela, na akianza kukuzungusha tafuta mwingine.