Naomba ushauri: geji ya mafuta na kutu kwenye filta, Land Rover Series III

Habari zenu wakuu. Nina Land Rover Series III ya petroli, ya 1978. Geji ya mafuta imeganda kwenye E (tupu) hata nikijaza tenki. Geji ya joto inasoma vizuri, na zote mbili zinatumia kidhibiti kimoja cha volti, kwa hiyo nashuku floti ya ndani ya tenki (boya linalopima kiasi cha mafuta) au waya wake wa ethi (unaorudisha umeme kwenye bodi). Filta ya mafuta nayo inajaa unga mwekundu wa kutu haraka mno, na mlimani gari linakosa nguvu. Fundi anashauri tenki jipya. Mimi natamani sana gari libaki na vitu vyake vya asili. Aliyewahi kusafisha tenki la hivi na kufufua floti, alianzia wapi? Na filta ya ziada kabla ya pampu inasaidia?